Kuku wa Geneviève na Adhana za Buyenzi

Geneviève Bahizire hakuwahi kuwa na maoni yoyote kuhusu umeme mpaka siku alipoanza kuutegemea, na katika hilo hakutofautiana na sisi wengine. Aliingia Buyenzi akitokea Bukavu, enzi za vita fulani ambavyo havina haja ya kutajwa kwa jina, kwa kuwa vilivyofuata vilifanana navyo sana. Alikuwa na mtoto mgongoni, sufuria mbili, na uhakika kwamba angekaa wiki chache tu. Yule mtoto, Trésor, sasa ana watoto wake huko Kigoma. Sufuria moja ilitoboka. Zile wiki chache bado zinaendelea.

Anapanga chumba na kibaraza katika ua wa Mzee Obeid, muuza vipuri ambaye babu zake walitoka Omani. Yeye mwenyewe hajafika huko, ila huzungumzia joto lake kama mtu aliyeshuka kwenye ndege jana. Duka na gereji viko mbele, barabarani. Nyuma ndiko wanakoishi watu. Buyenzi ndivyo ilivyo: grisi mbele, udi nyuma, na msikiti karibu kila unapokata kona. Mkatoliki akikaa hapo miaka ya kutosha hujikuta anajua Maulidi ni lini kabla hajakumbuka somo wa parokia yake. Avenyu nzima inamwita Mama Trésor, na wengi hawajui kwamba ana jina lingine.

Kazi yake ni kutotolesha vifaranga. Si kufuga kuku. Kufuga ni kwa watu wenye nafasi. Ana frigo mbovu, ndefu kama kabati, ambayo Sami, fundi wa kuchomelea wa upande wa pili wa barabara, aliing'oa mashine ya baridi na kuitia taa, feni ndogo, sahani ya maji na kipimajoto. Watu wakaiita kuvezi, kama ile ya hospitali ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Kwa hiyo frigo iliyoshindwa kazi ya baridi ilipewa kazi ya joto na ikaifanya vizuri sana, jambo linalopaswa kumtia moyo yeyote aliyewahi kufukuzwa kazi.

Shida ni kwamba yai halielewi delestaji. Mji ukikatiwa umeme, mwenye saluni anakaa nje kusengenya, mwenye duka anawasha simu, fundi analala chini ya gari na kusema anatengeneza. Yai linapoa tu. Kwa muda mrefu Geneviève aliponea kwenye jenereta ya Mzee Obeid, jenereta ikaponea kwenye mazutu, na mazutu ikaponea kwenye mambo yaliyo juu ya uwezo wa avenyu moja. Ilipofika wakati wa watu kulala kwenye foleni ya mafuta na kuamka bado wako kwenye foleni, Mzee Obeid, aliyeuza vipuri vya majenereta maisha yake yote, alitangaza kwamba injini ni ulaghai wa karne. Akawashawishi majirani wachange. Paneli za jua zikapanda juu ya paa la gereji, betri zikaingia chumba cha nyuma, na pamoja nazo mashine nyeupe ya kugeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani. Jina lake la Kifaransa lilikuwa refu kuliko waya wake. Wakaiita Sanduku.

Sanduku lilikuwa na tabia mbili. Ya kwanza ilikuwa nzuri: umeme wa mji ukija lilishibisha betri, ukikatika lilitoa wa betri na wa jua, na nyumba zote zilizofungwa waya hazikujua kilichotokea. Ya pili ilikuwa kwamba likizidiwa halibembelezi mtu. Linazima nyumba zote kwa mpigo, na haliwaki mpaka mtu aingie chumbani na kubonyeza kitufe. Ufunguo wa chumba ulikaa mfukoni mwa Mzee Obeid, mahali salama kuliko pote duniani, kwa sababu hata mke wake Ghanima hakuwa anaruhusiwa kuutia mkono. Miezi ya kwanza kila mtu aliusifu mpango huu.

Kisha ikaingia Ramadhani.

Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima zilianza pamoja, hata ikawa vigumu kumpata mtu wa kunywa naye chai. Waislamu walifunga mchana kutwa. Geneviève alijinyima nyama. Waliokuwa wanakula kwa raha ni kuku wa jirani peke yao. Na mvua ilikuwa imepania. Kule Buterere, ambako mdogo wake Irène analima mpunga, maji yalipanda kutoka mashambani, yakapita uani na kuingia ndani bila hodi. Banda la kuku likaenda nayo.

"Walikufa wote?" Geneviève alimuuliza kwa simu.

"Sijaona maiti, dada. Waliondoka."

Wale kuku ndio waliokuwa wanawavisha watoto sare za shule, wananunua dawa na kulipia mbegu za mpunga. Geneviève akaapa kwamba kabla ya Pasaka Irène atakuwa na kuku wengine, na bora kuliko wale. Mpishi wa nyumba moja ya Kiriri, kule mlimani ambako hata kuku wana mlinzi, alimpatia mayai ya kuku wa mbegu. Bosi wake alikuwa anahama, kuku wameshauzwa, na mayai hayo yalikuwa ya mwisho. Yaani hayangepatikana mengine. Geneviève aliyapanga kwenye kuvezi, akafanya ishara ya msalaba, akafunga mlango.

Jioni ya kwanza ya mfungo, adhana ya magharibi ilipolia, avenyu nzima iliweka tende mdomoni kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto ikachomeka. Mashine za kusagia juisi, mabirika, feni, televisheni, frigo zilizokuwa zimezimwa mchana kwa kubana matumizi: vyote viliingia kwa bismillahi moja. Sanduku lilitoa mlio mfupi, kama mtu aliyekanyagwa, na giza likashuka.

"Nani amechomeka pasi?" Ghanima alipiga kelele kutoka jikoni.

"Wewe mwenyewe, Mama!" mtu akajibu kutoka gizani.

"Ile ni pasi ndogo!"

Mzee Obeid alikuwa msikitini na ufunguo. Mzee Obeid ni mtu anayesali faradhi, halafu sunna, halafu anasalimiana na kila aliyekuwa kwenye safu yake, halafu anavitafuta viatu vyake kwa utaratibu. Geneviève alisubiri kando ya kuvezi kwa tochi. Akafungua mlango aone kama mayai yamepoa. Yalikuwa hayajapoa. Akafunga. Akaingiwa na wasiwasi, akafungua tena. Safari hii yalikuwa yamepoa kidogo, na aliyeyapoza ni yeye, kwa sababu kabati iliyotengenezwa kuhifadhi baridi huhifadhi joto vilevile, mradi mwenyewe asiifungue kuangalia kama inahifadhi. Aligundua hilo jioni hiyo. Majirani, waliokuwa wakati huohuo wanafungua frigo zao kuona kama maji bado ni ya baridi, hawajaligundua mpaka leo.

Jioni ya pili ikawa hivyohivyo. Mzee Obeid akaitisha mkutano ndani ya gereji, na akamwita Arnaud, kijana mpole wa kampuni iliyofunga mitambo. Arnaud alikuja na shati lililopigwa pasi kwa umeme wa mahali pengine.

"Umeme si kwamba hautoshi," alisema. "Unatosha. Lakini frigo ikianza, au mashine ya juisi, inavuta kwanza nguvu nyingi sana, halafu inatulia. Kama mutu anayeamka asubuhi."

"Kama Sami," alisema Ghanima.

"Mukivuta wote mara moja, Sanduku linajilinda. Likikataa kujilinda, litaungua, na hapo hakuna kitufe cha kubonyeza."

Sami alikuwa amekaa juu ya tairi. Mwanamume mkubwa mwenye sauti ya karakana, ambaye mbali na kuchomelea ana friza kubwa ya kutengeneza barafu, na Ramadhani ndiyo msimu wake wa barafu. Akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mi niko na swali moja. Hapa kwetu kuna kitu kimoja tu kinachokula umeme mchana na usiku bila kupumzika. Mama Trésor, kuku wako ni wa dini gani?"

"Bado hawajazaliwa, Sami. Wakizaliwa utawauliza."

"Basi kama bado, wafunge na sisi. Jioni tunazima kuvezi, tunafuturu, tunaiwasha."

Watu walicheka. Lakini kicheko kilipoisha, wazo lilibaki limesimama katikati ya gereji, na Geneviève aliona wawili watatu wakilitazama kwa upole. Arnaud alieleza kwamba kuvezi inakula kidogo sana, taa na kifeni tu, na kwamba kuizima hakutaokoa kitu. Akaeleweka kama anavyoeleweka mtaalamu akitetea upande mdogo.

"Yai likipoa jioni moja, linavumilia," Geneviève alisema. "Likipoa kila jioni, kifaranga anakufia ndani. Na haya siwezi kuyapata mengine. Muniambie nimwambie nini Irène?"

"Apana, hatuzimi," alisema Mzee Obeid, ambaye hapendi ugomvi kabla ya chakula. "Tujaribu kwanza. Mutu asingoje adhana. Achomeke mapema kidogo."

Uamuzi ulipita kwa sauti moja, na hilo peke yake lingetosha kumtisha mtu mwenye uzoefu. Kesho yake kila nyumba ilikaa ikifikiria "mapema kidogo" ni lini. Kila nyumba, kwa akili yake, ikaamua kwamba ni pale mwadhini anapokohoa kwenye kipaza sauti. Alipokohoa, walichomeka wote. Sanduku likalia. Safari hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hata tende ilikuwa bado ni haramu.

Mkutano wa pili ulikuwa na watu wengi na adabu kidogo. Arnaud akapendekeza zamu: nyumba ya kwanza, halafu ya pili, halafu ya tatu, kila moja ingoje mwenzake atulie. Hakuna aliyepinga hesabu yake. Walichopinga ni neno "pili".

"Mi nimekaa hapa kuliko wote," alisema mmoja.

"Mi niko na mgonjwa."

"Mi niko na barafu," alisema Sami, "na bila barafu yangu mutakunywa juisi ya moto kama supu."

"Mi ndiye mwenye paa," alisema Mzee Obeid, ambaye alikuwa ameahidi kutolisema hilo.

Nyumba ambayo ingekubali kuwa ya pili mbele ya majirani haikupatikana. Wangeweza kukaa gizani kwa usawa mwezi mzima, lakini si kuangaziwa kwa kufuatana. Ndipo Sami akarudi kwenye wazo lake, na sasa hakuwa anatania.

"Tuzime kuvezi. Angalau tupungukiwe kitu kimoja. Mama Trésor anisamehe, lakini sisi ni watu, na yale ni mayai."

Baadhi ya vichwa viliinama kukubali. Geneviève alikuwa amesimama mlangoni, na alizungumza taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo.

"Nyinyi kila mutu anasikia adhana ya musikiti wake. Sivyo?"

"Tunasikia zote," alisema Ghanima.

"Apana, Mama Ghanima. Mnasikia moja, zile zingine zinawapita. Mi sina wangu, kwa hiyo nazisikia zote. Kila jioni, miaka yote hii, niko hapa nje napepea makaa. Wa kona anaanza. Akifika katikati, ndiyo wa kwa wauza matairi anaanza. Ule mkubwa unangoja kidogo. Na wa kule karibu na soko huwa wa mwisho, sijui saa yake inatoka wapi."

"Yule mwadhini anasubiri maji yake ya kutawadha yapate moto," alisema Mzee Obeid.

"Basi. Kila nyumba ichomeke kwa adhana ya musikiti wake. Si ya mwingine. Wa kona wachomeke na wa kona, wa soko na wa soko."

Watu walitafuta tusi ndani ya maneno hayo, wasilione. Hakuna nyumba iliyokuwa ya pili. Kila mmoja alikuwa wa kwanza msikitini kwake.

"Na tende?" aliuliza Sami. "Mi nimesubiri mchana wote, nitakaa naangalia jirani anakula?"

"Tende haina waya," alisema Ghanima. "Kula. Ni friza itakayosubiri."

"Na Wakristo?"

"Sisi tutachomeka mkiwa mnasali," alisema Geneviève.

Arnaud alitazama dari kwa muda, akihesabu. Kisha akasema kwamba hajawahi kuliona hili katika mafunzo yoyote, ila Sanduku halitajali sababu. Mzee Obeid alimwendea imamu kumuuliza kama kuna ubaya kuitegemea adhana kwa jambo la kidunia kama plagi. Imamu alicheka mpaka akashika mkongojo, akasema ubaya uko kwa wanaoisikia na kulala.

Ikawa. Jioni ile wa kona walichomeka, taa zikapepesa, zikatulia. Wa matairi wakachomeka. Msikiti mkubwa. Soko. Sanduku halikutoa hata pumzi. Watu walikunywa juisi ya baridi wakitazamana kwa mashaka, kama familia iliyomaliza mlo bila mtu kugombana. Siku zilizofuata zikawa vilevile, na Buyenzi, ambayo kwa vizazi vingi imelaumiwa kwa misikiti yake kutokubaliana saa, ikaanza kuishi kwa kutokubaliana huko. Mwadhini wa soko alisikia kwamba nyumba zinamtegemea, na badala ya kuirekebisha saa yake akaanza kuilinda.

Geneviève alifanya kazi yake. Aligeuza mayai, alijaza maji, alijizuia kufungua ovyo. Mayai yalipokaribia siku zake aliacha kuyageuza, kama inavyotakiwa. Kuanzia hapo mlango haufunguliwi mpaka watoke, maana ukifungua hewa yenye unyevu hutoroka, ganda la ndani hukauka, na kifaranga hubanwa nalo kama mtu ndani ya shati la utotoni. Asubuhi aliposikia mgogoto wa kwanza, kitu kama ukucha juu ya kikombe, alimpigia Irène simu.

"Wanagonga," alisema.

"Wangapi?"

"Siwezi kufungua, Irène. Nasikiliza tu."

"Basi sikiliza vizuri, dada. Nimeshajenga banda, juu ya matofali safari hii."

Siku hiyohiyo jua halikuonekana kabisa. Mawingu yalishuka kutoka milimani yakakaa juu ya mji kama mgeni asiye na nauli ya kurudi. Umeme wa mji ulikatika adhuhuri. Alasiri Arnaud, ambaye huziona betri hizo kwenye simu yake, akampigia Geneviève: betri zimeshuka sana, umeme wa kufikisha asubuhi upo, lakini kwa tabu. Sanduku likijizima leo halitakubali kuwaka tena kwa kitufe. Litangoja jua la kesho, au la keshokutwa.

"Usiruhusu lijizime," alisema. "Jioni moja tu."

Geneviève alidhani adhana zitamwokoa kama kawaida. Mvua ilipoanza kupiga mabati ndipo alipoliona kosa lao wote. Vipaza sauti vya misikiti vinatumia umeme wa mji. Umeme wa mji haukuwepo. Waadhini wangeadhini kwa koo zao, kama zamani, na mvua juu ya mabati ya Buyenzi haishindwi na koo la mtu. Watu hawangesikia kitu. Wangetazama simu. Na simu, tofauti na misikiti, zinakubaliana mpaka sekunde.

Akaitazama kuvezi. Ndani mlikuwa na mgogoto mwingi sasa, na sauti moja nyembamba ya kulalamika. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kukaa pale. Akatoka, akamkimbilia Ghanima jikoni.

"Mama Ghanima, leo hakuna adhana."

"Astaghfirullah, Mama Trésor!"

"Ya kusikika. Leo mutu asichomeke mpaka nifike mlangoni kwake. Mi ndiye nitapita. Wapigie."

Ghanima ana sauti ambayo simu ni mapambo kwake, lakini alipiga. Nyumba baada ya nyumba aliwaambia neno moja: msichomeke mpaka mumuone Mama Trésor. Kisha akamfunika Geneviève kwa turubai la gereji lenye harufu ya oili, akamsukuma nje.

Kwa hiyo jua lilipozama nyuma ya mawingu, bila mtu kuliona, na kila simu ikalia kwa pamoja, na kila mkono wa kulia ukapeleka tende mdomoni, mikono ya kushoto ilibaki hewani. Kwenye avenyu mwanamke Mkatoliki, amevaa turubai, alipita mlango kwa mlango ndani ya maji ya mtaro.

"Chomekeni," alisema kwa wa kona.

Akahesabu pumzi zake, akavuka.

"Chomekeni."

"Mama Trésor, ingia ule hata tende moja!"

"Mi sifungi hivyo! Chomekeni!"

Taa ya nyumba moja ilififia alipogeuka, akasimama katikati ya mvua akiitazama kama anayemtazama mtoto juu ya ukuta. Ikatulia. Akaendelea. Kwa wazee wa msikiti mkubwa waliomba awachagulie wachomeke nini kwanza, birika au televisheni, akawaambia birika, wakanung'unika wakatii. Alifika kwa Sami mwisho, kwa sababu Sami anasali kule karibu na soko.

Sami alikuwa amesimama mlangoni, plagi ya friza mkononi kama mtu aliyeshika samaki.

"Wote wamechomeka?"

"Wote. Umebaki we."

"Betri iko namna gani?"

"Arnaud amesema itafika asubuhi kwa shida. Na friza yako..."

"Najua friza yangu." Akaitazama plagi. Nyuma yake ndani ya friza ilikuwamo barafu ya wateja wa siku mbili, na alijua itakuwa nini asubuhi. "Hao watu wako wameanza kutoka?"

"Wanagonga. Mmoja analia."

"Analia kuhusu nini, ameona nini?" Akaiviringa waya ya friza mkononi, pole pole, akaitundika kwenye msumari. "Nenda, Mama Trésor. Leo mi ni wa mwisho mpaka kesho. Lakini wasipotoka, nakwambia, hayo mayai nitakuja kuyala mimi mwenyewe, na chumvi."

"Yatakuwa yameoza, Sami."

"Nitakula kwa hasira."

Akarudi kwake amelowa. Taa ya kuvezi ilikuwa inawaka nyuma ya ufa wa mlango. Akaketi chini, akaegemea mgongo wake kwenye mlango, njia pekee aliyoiamini ya kujizuia kuufungua, na akasikiliza kama alivyoambiwa.

Walitoka. Si wote, wapo waliochoka njiani na wengine ambao hawakuwahi kuanza, na Geneviève aliwazika nyuma ya choo bila hotuba. Lakini alipofungua mlango asubuhi, baada ya umeme wa mji kurudi wenyewe, sehemu kubwa ya mayai ya Kiriri ilikuwa imegeuka umati wa manjano uliokuwa unakanyagana bila kuombana radhi. Mtu wa kwanza kuja kuangalia alikuwa Sami. Alichungulia, akahesabu kwa midomo, akasema sura zao si za Kikatoliki, akaenda kumwaga maji yaliyokuwa barafu.

Mkutano wa tatu wa gereji ulikuwa mfupi. Mzee Obeid alitoa ufunguo mfukoni, akautazama kidogo kama mtu anayeaga, na kusema kwamba chumba cha Sanduku kiwe na funguo mbili, mmoja ukae kwa mtu ambaye saa ya sala yuko nyumbani. Hakumtaja jina, aliutia tu mkononi mwa Geneviève. Arnaud alileta betri ndogo ya kipaza sauti cha msikiti wa kona, ya kutumika mji ukikatika, na misikiti mingine mitatu, kwa kuwa haikubali kuwa ya pili, ikajinunulia zake ndani ya wiki hiyo. Sami akapendekeza friza zote za avenyu zigandishe mchana jua likiwa kali na zilale jioni, kwa hoja kwamba barafu ni betri ya maskini. Alisema aliiwaza mwenyewe. Hakupingwa.

Irène alikuja siku ya Idi, na boksi mbili za katoni zilizotobolewa matundu. Alitaka kuchukua vifaranga na kuondoka kabla ya mvua, lakini Ghanima hatoi ruhusa ya kuondoka siku ya Idi kwa mtu ambaye hajala. Akakalishwa mbele ya sinia la pilau, boksi zikawekwa chini ya meza ya wageni, na mazungumzo ya wakubwa yakaendelea juu ya kelele kubwa sana.

"Kule kwako mutawawekea joto na nini?" aliuliza Mzee Obeid.

"Taa ya chemli, Mzee. Nimezoea."

"Chemli." Alilisema neno hilo kwa masikitiko aliyokuwa akiyatumia siku hizi kwa injini. "Mko nyumba ngapi pale juu, maji yasipofika?"

"Tuko wengi tu. Shule yenyewe iko juu, na paa kubwa."

Mzee Obeid akamgeukia Arnaud, aliyekuwa amealikwa na alikuwa na mdomo uliojaa nyama. Arnaud alimeza haraka, akaomba aelezwe paa linatazama wapi. Irène akaanza kumchorea kwa kidole juu ya kitambaa cha meza, hapa shule, hapa mtaro, hapa nyumba ya katekista. Geneviève, ambaye bado alikuwa na Kwaresima yake, akachambua wali kutoka kwenye nyama, punje kwa punje, akamsogezea mdogo wake vipande vyote.

"Kula," alimwambia. "Na uongeze mtaro ule mwingine, umeusahau. Usimdanganye mtoto wa watu."